Maili kumi za Sultani: John Kirk na kipimo kilichoukata mwambao

Mwanzoni mwa 1886 Wazungu watatu waliupita mwambao wetu mji kwa mji, kutoka ghuba ya Tungi kusini ya Ruvuma mpaka Lamu na kwingineko kaskazini, wakiuliza maswali yale yale kila walipotia nanga. Hapa anatawala nani? Liwali yuko? Akida je? Askari wa Sultani ni wangapi? Forodha anakusanya nani? Na mtu akiipa bahari mgongo akaelekea bara, amri ya Sultani inakoma wapi?

Mmoja alikuwa Luteni Kanali Kitchener wa Uingereza, ambaye baadaye vita vya Sudan vilimpa jina kubwa. Wa pili alikuwa Dkt. Schmidt wa Ujerumani, wa tatu Raffray wa Ufaransa. Ilikuwa tume ya mipaka. Nchi waliyoipima ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, na katika tume hiyo Sayyid Barghash hakuwa na kamishna.

Maswali hayo, na namna majibu yake yalivyopokewa, ndiyo kiini cha kisa hiki. Tumezoea kusema kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na watu wasioijua Afrika, wakiwa na rula mkononi na ramani tupu mezani. Kwingine ilikuwa hivyo. Mwambao wa Waswahili haukukatwa kwa kutojulikana. Ulikatwa baada ya kuulizwa, kutembelewa na kuandikwa, na aliyeujua kuliko Wazungu wote, balozi John Kirk, alikuwa Unguja muda wote tume ilipokuwa pwani.

Balozi aliyeijua nchi

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832. Alisomea udaktari, akapenda mimea, akasafiri na David Livingstone katika Zambezi kuanzia 1858 hadi 1863. Mwaka 1866 alifika Unguja kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, na kidogo kidogo kazi yote ya ubalozi ikawa yake. Alikaa miaka ishirini. Aliyefika Jozani akawaona kima punju kwenye matawi, wale wenye mgongo mwekundu ambao asili yao ni Unguja peke yake, ajue kwamba jina lao la kisayansi limebeba jina la Kirk. Alikusanya mimea, wanyama na habari kwa bidii ile ile.

Kwa Barghash hakuanza kama rafiki. Mwaka 1873 alimpelekea mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na nyuma ya mkataba huo kulikuwa na tishio la manowari kuzuia bandari. Barghash alitia sahihi tarehe 5 Juni. Soko la Mkunazini likafungwa, na hilo ni jema ambalo hakuna mwenye haki atakayelilalamikia. Jambo la ajabu ni lililofuata. Baada ya shinikizo lile Sultani alimfanya Kirk mshauri wake wa karibu kabisa. Alimwona kuwa mtu anayesema kweli hata kama ni chungu, na nyuma yake kuna dola yenye nguvu baharini. Kwa miaka kumi na kitu, jambo kubwa likitokea, Barghash alikuwa akiuliza kwanza balozi anasemaje.

Imani hiyo ilifika mbali. Mwaka 1877 Barghash alikuwa tayari kumkodisha tajiri wa meli, William Mackinnon, utawala wa karibu bara lake lote kwa miaka 70. Kirk aliunga mkono. Mazungumzo yalikufa mwaka uliofuata, kwa sababu serikali ya London haikutaka kubeba mzigo huo. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba Uingereza ilikuwa ikimshughulikia Barghash kama mwenye bara. Hukodishi kwa mtu nyumba isiyo yake.

Karatasi za Peters na waya wa Barghash

Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Unguja kwenda Saadani, wakaingia Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na katika wiki chache wakarudi na rundo la mikataba. Watanzania wanaujua mmoja zaidi ya yote, ule wa Mangungo wa Msovero, kwa sababu jina lake limekuwa la kutaja kila mkataba mbovu unaposainiwa. Peters alijua tatizo lake la kisheria liko wapi, basi karatasi zake zilihakikisha zinasema kwamba kule Sultani wa Zanzibar hana mamlaka. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani, akazipa ulinzi wake.

Barghash alipata habari kwa njia ya konsuli wa Ujerumani, Gerhard Rohlfs. Mwezi Aprili akampelekea Kaiser waya wa kupinga, yaani simu ya maandishi. Maana yake ilikuwa hii: nchi hizo ni zetu, tuna vituo vya askari huko, na wakuu wanaosemekana kuzitoa hawana haki ya kuzitoa, kwani zimekuwa zetu tangu enzi za baba zetu. Akamtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyemwundia jeshi, apande Kilimanjaro na bendera nyekundu ya Sultani. Mathews alipata wakuu kadhaa wa Taveta na Uchagani waliokiri utii kwa Sultani. Hazikupita wiki nyingi, Mjerumani Jühlke naye akafika kwa Mangi Rindi wa Moshi na kupata mkataba wake.

Na Kirk? Alipiga waya London, akaeleza, akaonya. Jibu lilikuwa kwamba asimzuie Mjerumani. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 na ilihitaji kura ya Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, katika mambo ya fedha za Misri. Isitoshe, mwezi ule ule wa Aprili ilikuwa karibu kupigana na Urusi mpakani mwa Afghanistan. Usagara ilikuwa ndogo mno katika mizani hiyo. Wazee walisema zumari ikipigwa Unguja hucheza walio maziwa makuu. Mwaka ule zumari ilipigwa Berlin, na Unguja ndiyo iliyocheza.

Tarehe 7 Agosti manowari za Kijerumani ziliingia bandarini chini ya Komodoa Paschen. Zilipanga mbele ya kasri, mizinga ikielekea ufukweni, pale ilipo Beit al-Ajaib ambayo Barghash alikuwa ameijenga miaka miwili tu nyuma. Pamoja na msafara huo alirudishwa Unguja dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, ili madai yake ya urithi yawe fimbo ya ziada. Sultani akapewa saa 24 kuondoa pingamizi lake. Kirk, kwa amri ya serikali yake, alimshauri akubali. Barghash akakubali.

Hapo ndipo ilipozaliwa tume. Wakubwa wa Ulaya walikubaliana kwamba Sultani anayo nchi bara, hilo halikukanwa, ila ipimwe ijulikane ni kiasi gani.

Swali lenyewe

Sasa tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo mambo yalipoamuliwa.

Utawala wa Sultani bara haukuwa kama wa mkuu wa wilaya. Mji wa pwani ulikuwa na liwali wa Sultani, lakini pia ulikuwa na jumbe au diwani wake wa asili, wazee wake, mila zake na kadhi wake. Liwali aliyetaka kuishi vizuri alitawala pamoja nao. Kuelekea bara, mamlaka yalifuata njia za misafara. Tabora alikuwepo liwali wa Sultani, na Ujiji walikuwepo Waarabu na Waswahili waliojihesabu kuwa watu wake. Kati ya pwani na Tabora kulikuwa na watawala wengi ambao hawakuwa chini ya mtu. Barua ya Sultani iliheshimiwa mahali ambapo hapakuwa na askari wake hata mmoja, na mahali pengine askari walikuwepo bila kuheshimiwa.

Na hazina ilijazwa vipi? Kwa forodha. Pembe ya ndovu ikitoka Unyanyembe ililipiwa ushuru pwani, Bagamoyo au Unguja yenyewe. Kwa miongo mingi forodha ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoishika kwa muda mrefu zaidi. Kwa mpango huo Sultani hakuwa na sababu ya kusimamisha akida kila mwendo wa siku moja porini. Mali yote ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na mlango alikuwa ameushika yeye. Mwenye mlango haweki mlinzi kila chumba.

Ukimwuliza mtawala wa namna hiyo, “una askari wangapi maili kumi na tano kutoka baharini?”, jibu litakuwa hakuna. Ni jibu la kweli, na halikuambii lolote juu ya nani anatii nani. Lakini ndilo swali lililobeba uzito. Kamishna wa Ujerumani alisimama hapo: pasipo na ofisa na askari, hapana Sultani. Kitchener na Raffray, waliokuwa wamesikia ushahidi ule ule kutoka kwa wenyeji wale wale, walikuwa tayari kumwandikia Sultani nchi zaidi. Ila tume ilitakiwa iandike yale tu ambayo wote watatu wamekubaliana. Utaratibu huo ukisomwa ofisini unaonekana wa haki kabisa. Kwa vitendo ulimpa yule anayetaka kidogo zaidi haki ya kukata shauri, kwani lolote alilolikataa halikuandikwa, na lisiloandikwa likawa si la Sultani. Ripoti ya pamoja ilitoka Juni 1886 ikiwa imepimwa kwa kamba ya Schmidt.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Kipimo hicho hakikutumika kwa pande zote. Februari 1885, Kaiser alipotoa ulinzi wake, Peters hakuwa na askari Usagara wala forodha, na wala kadhi. Alikuwa na karatasi za Kijerumani zenye alama za watu wasioisoma lugha hiyo. Kwa Mjerumani karatasi ilitosha bila askari. Kwa Sultani hata askari na liwali wa Tabora hawakutosha.

Nisieleweke vibaya. Utawala wa Sultani haukuwa mwepesi kwa wote walioishi chini yake, na si kila mtu wa pwani aliutaka. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, alimwasi zaidi ya mara moja. Huko Witu, Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alimkaribisha Mjerumani mwaka 1885 hasa ili aepukane na Unguja. Wamijikenda katika kaya zao walikuwa na wazee wao na hawakumwona Sultani kuwa bwana wao. Schmidt aliposema mamlaka ya Sultani yana matundu, alikuwa akisema jambo la kweli. Kosa ni lililofanywa na matundu hayo. Nchi isiyo ya Sultani haikurudishwa kwa Mmijikenda wala Mzigua wala Mchaga. Wao hawakuulizwa wanamtaka nani, na kila tundu lilihesabiwa kuwa nafasi ya Ulaya.

Barua mbili za London

Mapatano yenyewe yalifanywa kwa kubadilishana barua kati ya balozi wa Ujerumani, Count Hatzfeldt, na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Iddesleigh, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Sultani alitambuliwa kuwa mwenye Unguja, Pemba, Lamu na Mafia, pamoja na ukanda wa bara kutoka mto Miningani katika ghuba ya Tungi mpaka Kipini, wenye upana wa maili kumi za baharini kutoka pale maji yanapojaa. Hizo ni kama kilomita 18 na nusu. Kaskazini ya Kipini alipewa miji peke yake, Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu, kila mmoja na duara la maili kumi kuuzunguka, na Warsheikh duara la maili tano.

Maili kumi ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mchukuzi wa msafara aliyeondoka Bagamoyo alfajiri angekuwa ametoka nje ya dola kabla ya siku kuisha, ilhali alikuwa na miezi mbele yake kufika Tabora kwa liwali.

Na hata hizo kumi zilianza kutobolewa ndani ya mapatano yale yale. Uingereza iliahidi kuisaidia Ujerumani ikodishiwe forodha za Dar es Salaam na Pangani. Sultani anaachiwa ukanda, kisha mlango wenyewe wa ukanda anapewa mwingine. Aliyeandika sharti hilo alijua vizuri pesa za Barghash zinatoka wapi, na ujuzi wa namna hiyo ndio ambao ofisi ya Kirk ilikuwa imeupeleka London kwa miaka mingi.

Mstari wa pili wa mapatano uligawa bara nje ya maili kumi. Ulianzia mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, ukaenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukapita katikati ya Taveta na Uchagani, ukauzunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria pale inapopita digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Ndio mpaka wa Kenya na Tanzania, na kona yake ya Kilimanjaro imezaa hadithi ambayo bado inasimuliwa pande zote mbili, kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima siku ya kuzaliwa. Si kweli. Wilhelm wa Pili alipata kiti mwaka 1888, na mlima ulikuwa umekwisha kuwekwa upande wa Ujerumani miaka miwili kabla. Sababu ya kona ni kavu zaidi. Mwingereza Harry Johnston alikuwa na mikataba ya Taveta ya 1884, Jühlke alikuwa na wa Rindi wa 1885, basi mstari ukapita katikati ya karatasi hizo mbili. Chukua ramani, weka rula kutoka Ziwa Viktoria hadi Kilimanjaro, kisha iendeleze bila kona. Itafika baharini karibu na Mombasa. Kitchener alikuwa ameishauri serikali yake iishike Mombasa, na kona ile iliiacha salama upande wa Waingereza.

Kirk hakuwepo Unguja kuyapokea haya. Alikuwa ameondoka Julai 1886, na Holmwood ndiye aliyekaimu. Mwaka huo huo Kirk alipandishwa daraja la juu kabisa la nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George. Barghash alikubali mapatano mwezi Desemba. Ufaransa ingeweza kusema neno, kwa kuwa mwaka 1862 ilikuwa imeahidiana na Uingereza kuheshimu uhuru wa Zanzibar. Ilinyamaza, na Uingereza na Ujerumani zikaiachia nafasi Komoro.

Tungi

Kama kuna aliyedhani kwamba ukanda uliotambuliwa na dola mbili kubwa ungekuwa salama angalau kwa udogo wake, alipata jibu baada ya wiki chache. Desemba 1886 Ujerumani ilielewana na Ureno kwamba mpaka wao uwe Ruvuma. Ghuba ya Tungi iko kusini ya Ruvuma. Katika barua za London ilikuwa imeandikwa kwa jina kuwa mwanzo wa nchi ya Sultani. Februari 1887 Wareno waliishambulia Tungi kwa manowari wakaichukua. Wino ulikuwa na miezi minne. Waliotia sahihi hawakutuma hata mashua moja.

Mji mdogo, na vitabu vingi haviupi hata mstari mmoja. Kwangu ndio mahali pa kujua mapatano yale yalikuwa na thamani gani kwa Barghash. Yaliwafunga watu wawili wasigombane wao kwa wao. Hayakumfunga yeyote amlinde yeye.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata mrithi wake, Sayyid Khalifa, aliikodishia kampuni ya Kijerumani ukanda wa kusini kwa miaka 50. Agosti kampuni ilipokuja kutundika bendera yake Pangani, pwani ikawaka. Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani hawakupigania kipimo cha ramani, ila kamba ile ya tume ndiyo iliyofungua njia ya bendera hiyo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Mwaka 1890 Percy Anderson, mkuu wa idara ya Afrika katika wizara ya London, alikwenda Berlin kumalizana na mwenzake Krauel. Mkataba wa tarehe 1 Julai uliifanya Unguja na Pemba kuwa chini ya Uingereza. Ukanda wa kusini pamoja na Mafia vikauzwa moja kwa moja kwa Ujerumani kwa marki milioni nne, na mstari ukavushwa Ziwa Viktoria kwenda magharibi hadi Kongo. Humo mna kifungu kinachohusu mlima Mfumbiro: ukionekana uko kusini ya mstari, mstari upinde ili uuache upande wa Waingereza. Waliogawana hawakujua uko wapi, na baadaye ilibainika kwamba walichokiita mlima ni safu nzima ya volkano, pale zinapokutana leo Uganda, Rwanda na Kongo. Huo ndio mpaka wa kutojua. Uweke kando ya ule wa pwani, uone tofauti. Mfumbiro walibahatisha. Pangani, Vanga na Tungi walikuwa wamekwisha kushuka na kuuliza.

Kirk angeweza nini?

Watetezi wake husema alikuwa mtumishi, na mtumishi hufuata amri. Ni kweli kwamba hakuwa na manowari za kuamrisha, na barua zake za 1885 zinaonyesha mtu aliyekuwa akibishana na wakubwa wake. Simtilii shaka uchungu wake. Lakini ninapimia jambo moja. Barghash hakumtegemea Kirk kwa bahati mbaya. Alifundishwa kumtegemea. Kwa miaka kumi na miwili ushauri wa ubalozi ulikuwa: tegemea Uingereza, usishikamane na dola nyingine, mambo yako yatakuwa salama. Sultani alifuata, akajikuta Agosti 1885 hana mwingine wa kumgeukia. Mshauri aliyemfikisha hapo alikuwa na deni kwake la kumwambia mapema, na waziwazi, kwamba London imekwisha kumwacha. Alimwambia akubali. Ni maneno mawili yasiyolingana, na mtu aliyekuwa na heshima ya Kirk Unguja alilijua hilo.

Angejiuzulu isingebadilisha mstari. Ingebadilisha kumbukumbu, na pengine ingempa Barghash miezi ya kutafuta njia nyingine akiwa macho. Badala yake Kirk alistaafu kwa heshima mwaka 1887, akawa mjumbe wa Uingereza katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 wa kupinga biashara ya watumwa, akaishi hadi 1922.

Maili kumi baada ya Sultani

Sehemu ya kaskazini ya ukanda haikuuzwa. Ilikodishwa, kwanza kwa kampuni ya Mackinnon mwaka 1887, halafu kwa serikali ya Uingereza yenyewe mwaka 1895 kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana bendera nyekundu iliendelea kupepea Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati Mwingereza ndiye aliyetawala chini yake. Ndiyo maana pia bara ikawa Koloni la Kenya na ukanda ukaitwa Himaya. Mtu wa Vanga na jamaa yake wa Jasini, Wadigo, Wavumba na Wasegeju wanaooana na kuzikana, walijikuta wa nchi mbili kwa sababu ya mto, na baadaye hata si kwa mto: mapatano ya 1893 yaliuanzishia mpaka Ras Jimbo. Kigingi hicho ndicho Kenya na Tanzania zilichokitumia tena mwaka 1976 kupimia mpaka wao baharini.

Uhuru ulipokaribia, wengine pwani walidai Mwambao ujitenge, wakisema nchi hii haikuwa ya Kenya kamwe, ni ya kukodishwa. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa kulichunguza suala hilo, akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua. Sultani aliachia madai yake, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za kadhi, uhuru wa Waislamu wa kuabudu, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Kadhi wamo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Sultani mwenyewe alipinduliwa Januari 1964.

Ahadi ya tatu ndiyo inayouma hadi leo. Hati zilizolindwa zilitokana na sheria ya 1908, iliyotumika katika ukanda ule, ambapo mwenye madai alitakiwa afike mbele ya msajili na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waarabu, Wahindi na baadhi ya Waswahili waliojua njia za ofisi walipata hati. Wengi wa Wamijikenda hawakupata, kwa kuwa haki yao ilikuwa kwenye mnazi uliopandwa na babu, kwenye kaburi na kaya, na hayo hayakuwa katika maswali ya msajili. Wajukuu wao Kilifi na Kwale wanaitwa maskwota. Mzee anakuonyesha mwembe aliopanda baba yake, anakutajia aliyezikwa chini yake, na mkononi mwa mtu mwingine mna karatasi yenye namba ya kiwanja hicho hicho, ndani ya maili kumi.